MAMBO YA NYUMBANI: Tandiko la Chini ya Zulia

Jina la Habaswein latokana na maneno mawili ya Kisomali, habaas na weyn, yaani vumbi kubwa. Aliyepata kupita barabara itokayo Garissa kwenda Wajir wakati wa kiangazi cha Jilali hahitaji kufasiriwa jina hilo. Mji huu umekaa karibu na bwawa la Lorian, mahali ambapo mto Ewaso Ng'iro huishia na kunywewa na ardhi, na upepo ukivuma juu ya nchi kavu hiyo huchukua unga laini usiozuiliwa na dirisha wala mlango. Unga huo huingia nyumbani, hulala juu ya zulia, kisha ulio mwembamba hupenya kati ya nyuzi ukashuka chini yake. Hapo chini, mahali tusipopatazama, ndipo yalipo maneno yetu ya juma hili.

Siku hizi nyumba za mawe na saruji zimeongezeka katika miji ya upande huu, na pamoja nazo mazulia. Karani apatapo malimbikizo ya mshahara, au mfugaji auzapo dume la ngamia mnadani, mara nyingi mama wa nyumba hukumbusha habari ya sebule. Basi hufungwa safari hadi Garissa, au huagizwa kwa ndugu aliye Eastleigh, Nairobi, likaja zulia zuri la Uturuki au la China, lenye maua na kingo za kung'aa. Mnunuzi hulipapasa, hulipima, hubishania bei mpaka jasho limtoke. Lakini ni wachache waulizao, "Je, chini yake nitatandika nini?" Zulia hutupwa juu ya sakafu tupu, na baada ya miaka michache lina upara katikati, kingo zimejikunja kama jani kavu, na mwenye nyumba hunung'unika kwamba bidhaa za siku hizi hazina nguvu. Pengine kosa si la bidhaa.

Chembe ya mchanga, ijapokuwa ndogo, ina ncha kali. Zulia likilala juu ya saruji pasipo kitu kati, kila mguu ukanyagapo huzisaga nyuzi zake kati ya chembe hizo na sakafu ngumu, kama nafaka kati ya mawe mawili ya kusagia. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Katika mji wa vumbi, haba na haba humaliza zulia. Tandiko la chini hupunguza kusagika huko, kwa sababu hubonyea kidogo na kuliacha zulia litii mguu badala ya kupigana na sakafu. Tena hulishika zulia lisitambae, huwapunguzia ugumu wale wakaao chini, na kama ni la aina ifaayo, huacha nafasi ya hewa kupita.

Walakini faida iliyo kubwa kuliko hizo zote si ya zulia bali ni ya mtu. Nyumba mpya hupendeza kwa vigae vinavyong'aa, na vigae vikilowa huwa kama mgongo wa samaki. Mtazame mzee atokaye kutawadha: miguu yake ingali na maji, macho yake hayaoni kama zamani, naye anaharakisha kwa kuwa adhana imekwisha kusikika. Akikanyaga ukingo wa zulia lisiloshikwa na kitu, zulia huenda upande huu naye huenda upande ule. Mfupa wa nyonga wa mtu mzima sana ukivunjika, si jambo la kufunga kitambaa na kungoja. Hutaka daktari wa upasuaji, na safari ya kumfikia ni ndefu, na wengine hawarudi kutembea tena kama walivyokuwa. Mtu aliyetembea nyuma ya ngamia miaka hamsini, katika miiba na mawe, aweza kuangushwa na zulia la mwanawe. Kwa hiyo jambo hili lisidhaniwe kuwa ni la mapambo.

Tena lisidhaniwe kuwa ni elimu ngeni. Lugha yenyewe yatufundisha. Twasema kutandika kitanda, twasema kutandika mkeka, na twasema pia kutandika punda. Na tandiko la mnyama ni kile kilazwacho mgongoni mwake kabla ya kupakiwa mzigo. Akina mama wa Kisomali wa nchi hii wana ujuzi mkubwa katika jambo hilo tangu zamani. Husuka herio, ambazo ni mikeka mizito ya nyuzi za magome ya miti na nyasi, na siku ya kuhama huzipanga juu ya mgongo wa ngamia kuzunguka nundu, ndipo juu yake zikafungwa fito za nyumba, vyombo vya maziwa na vitu vingine. Wafikapo kambini, fito zile husimamishwa na kukunjwa ziwe kiunzi, na mikeka ile ile iliyomkinga ngamia mchana huwa paa na kuta za kuwakinga watu usiku.

Muulize mama yeyote aliyewahi kupakia ngamia, atakuambia sheria za kazi hiyo. Kwanza, tandiko lisiwe na kunyanzi, maana kunyanzi moja chini ya mzigo huzaa kidonda. Pili, liwe na kipimo cha haki, lisiwe fupi mzigo ukagusa ngozi, wala lisichomoze mahali ambapo litamkwaza mnyama. Tatu, liwe kavu na safi, kwa sababu jiwe dogo au mwiba uliojificha ndani yake hufanya kazi mbaya safari nzima bila kuonekana. Basi sheria za tandiko la zulia ni hizo hizo tatu. Ajuaye kumtandika ngamia hana haja ya mwalimu wa kumfundisha kutandika sebule; anahitaji tu kujua vitu vya dukani na tabia zake.

Tuanze na sakafu, kwa kuwa tandiko huchaguliwa kwa kufuata sakafu na si kwa kufuata rangi ya zulia. Vitabu vingi vya Ulaya na Marekani huandikwa kwa ajili ya watu wenye sakafu za mbao, na shauri lao la kwanza huwa ni kuilinda mbao isikwaruzwe. Sisi hapa tuna sakafu za namna nne: udongo, saruji, vigae, na saruji iliyofunikwa kwa plastiki ya kununua kwa mita.

Penye sakafu ya udongo, adui ni mchwa. Gunia, makumbi ya nazi, pamba na kila kitu kitokanacho na mmea ni chakula chake, naye hula kutoka chini, kimya, hata siku uinuapo zulia ukakuta ramani ya njia zake. Juu ya udongo usitandike zulia la fedha nyingi. Tumia mkeka au jamvi liwezalo kuinuliwa kila asubuhi, likakung'utwa na kuanikwa, maana mchwa hapendi kusumbuliwa wala hapendi mwanga. Kama hapana budi kutandika zulia, liinue kila siku vivyo hivyo.

Penye sakafu ya saruji, adui ni unyevu. Wengi watacheka wakisikia neno unyevu likitajwa Habaswein. Lakini saruji mpya hukaa na maji ndani yake kwa majuma mengi, na saruji ya zamani, ikiwa haikuwekewa karatasi ya kuzuia maji wakati wa kujenga, huyavuta kutoka ardhini wakati wa mvua za Gu, kati ya Machi na Mei. Fanya jaribio hili rahisi baada ya mvua. Kata kipande cha karatasi ya nailoni chenye nusu mita kila upande, ukibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache mpaka kesho yake. Ukikibandua ukaona matone kwa chini, au sakafu imekuwa nyeusi kuliko penginepo, jua kwamba sakafu yako yapumua maji. Hapo usiweke kitu kisichopitisha hewa, kwani maji yatanaswa chini yake, na utapata harufu na ukungu wa kuvu.

Penye vigae, adui ni utelezi. Hapo lazima tandiko liwe na mpira au kitu kingine chenye kushika. Penye sakafu ya plastiki, jihadhari na mpira huo huo, kwa kuwa mpira ukikaa juu ya plastiki muda mrefu huacha doa la manjano au la kahawia ambalo sabuni haliliondoi. Juu ya plastiki tumia tandiko la kitambaa kizito, na zulia ulishikilie kwa kuweka miguu ya kiti au kabati juu ya kingo zake.

Sasa tutazame vitu vyenyewe. Namna ya kwanza ni wavu wa mpira au wa plastiki wenye matundu, uuzwao kwa kipimo. Ni mwembamba, hushika vizuri, na matundu yake hupitisha hewa. Ubaya wake ni kwamba ulio wa bei ndogo hauvumilii joto; jua likiupiga kupitia dirishani kila siku hukauka, ukaanza kumomonyoka, au hugeuka gundi ukashikamana na sakafu. Ukiununua, unuse na kuuvuta: wenye harufu kali ya kemikali na wenye kubakiza ungaunga vidoleni, uache dukani.

Namna ya pili ni sufu au nyuzi nyingine zilizoshindiliwa pamoja zikawa kama blanketi gumu. Hili ni tandiko bora la sebule ambamo watu hukaa chini, kwa kuwa halibonyei upesi likabaki bapa. Lakini peke yake halishiki sakafu, kwa hiyo juu ya vigae lataka mpira chini yake. Kuna yaliyotengenezwa kwa namna zote mbili pamoja, sufu juu na mpira chini. Nayo, kwa mwenye uwezo, ndiyo mazuri kuliko yote.

Namna ya tatu ni sponji, ile itumiwayo katika magodoro. Ni rahisi kupatikana na ni laini, ndiyo maana wengi huikimbilia. Nasema wazi kwamba siipendi. Sponji nene huufanya mguu uyumbe, na mzee au mtoto hujikwaa. Hubonyea upesi mahali papitwapo. Hunywa maji yasitoke. Na ikizeeka huwa unga wenye kuongeza vumbi badala ya kulizuia. Kubwa kuliko hayo, sponji hushika moto upesi sana na moshi wake ni sumu. Katika nchi ambayo kila nyumba hufukiza uudi na ubani, kaa moja likianguka kutoka chetezoni juu ya zulia lenye sponji chini yake laweza kuangamiza nyumba. Kwa vyovyote, tandiko liwalo lote, chetezo kiwekwe juu ya sinia la bati, wala kisiwekwe juu ya zulia hata kwa dakika moja.

Namna ya nne ni tandiko la kujitengenezea, nalo lafaa kwa sakafu ya saruji iliyo kavu. Chukua magunia ya katani au ya juti, si yale ya nailoni kwa sababu yana utelezi. Yapasue mishono, yafue kwa maji ya moto na sabuni ili kuondoa mafuta na wadudu wa nafaka, yakauke juani siku mbili. Yapange tabaka mbili, na mahali vipande vikutanapo visipandane, bali viguse kingo kwa kingo, ili pasiwe na kituta. Kisha shona mistari ya kukata huku na huku, kama kushona godoro, umbali wa shubiri moja kati ya mstari na mstari. Kwenye pembe nne waweza kushonea vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, vikauzuia utelezi. Katika sakafu ya vigae vyeupe mpira mweusi waweza kuacha alama, kwa hiyo ujaribu kwanza mahali pasipoonekana. Kazi hiyo ni ya siku mbili tatu, na gharama yake ni ndogo.

Kuhusu unene, watu hudhani kwamba kadiri lilivyo nene ndivyo lilivyo bora. Sivyo. Penye njia ya kupita watu, na karibu na mlango ufungukao kwa ndani, unene wa milimita 3 hadi 6 watosha. Penye kukaa na penye kusalia, ambapo magoti ya wazee hugusa chini mara nyingi kila siku, waweza kufika milimita 10. Bonyeza kwa kidole gumba: ukiigusa sakafu bila kutumia nguvu, ni jembamba mno, kidole kikizama kama katika godoro, ni laini mno. Kuhusu ukubwa, tandiko liwe dogo kuliko zulia kwa vidole viwili kila upande, yaani kama sentimita 3. Hivyo ukingo wa zulia hushuka ukalala juu ya sakafu, na hapana kizingiti cha kumkwaza mtu. Tandiko likichungulia nje hukusanya vumbi. Likiwa dogo kupita kiasi, kingo za zulia hujikunja.

Baada ya kuchagua huja kutunza, na hapa ndipo wengi hulegea. Kila juma inua pembe moja ya zulia ufagie chini yake. Kila mwezi ondoa zulia na tandiko, uvitoe nje, kila kimoja peke yake. Zulia litundike kwenye kamba na ulipige kwa fimbo upande wa nyuma kwanza, ili mchanga utoke ulikoingilia. Simama upande utokako upepo, ujifunge kitambaa puani na mdomoni, na watoto wakae mbali, hasa mwenye pumu. Tandiko la sufu au gunia lipigwe taratibu. La mpira lisipigwe wala lisianikwe juani, bali lipanguswe kwa kitambaa chenye maji kidogo, likauke kivulini. Katika miezi ya Jilali fanya hivyo mara mbili kwa mwezi. Tena kila miezi sita geuza zulia, upande uliokuwa mlangoni uende ukutani, ili kukanyagwa kugawanyike.

Iko desturi ya kunyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia ili kutuliza vumbi. Ni desturi nzuri uani, lakini ndani ya nyumba yenye zulia maji hayo hukimbilia chini ya tandiko. Tumia kitambaa kilichokamuliwa, na usirudishe tandiko mpaka sakafu ikauke kabisa. Kadhalika weka kipande cha mkeka wa makumbi kwenye mlango utokao mahali pa kutawadhia, ili miguu ikauke kabla haijafika zuliani. Maziwa yakimwagika, usiridhike kupangusa juu; inua zulia siku hiyo hiyo utazame chini, maana maziwa yaliyofika kwenye tandiko huita sisimizi na kuacha harufu ambayo uudi hauifuniki.

Pawe na hadhari nyingine wakati wa kuinua. Nge hupenda mahali penye giza na upenyo mwembamba, nako chini ya zulia ni kasri lake. Usitie mkono usipopaona. Inua kwa fimbo, umevaa viatu, na taa ikiwa karibu. Mtoto mdogo akiumwa na nge apelekwe hospitali mara moja, wala asicheleweshwe kwa dawa za nyumbani.

Mwisho nitaje mafuriko. Nchi hii ya ukame hupatwa pia na gharika, kama zile za El Niño za 1997 na 1998, na zile za Novemba 2023. Maji ya mafuriko si maji ya mvua tu. Yamepita vyooni na mazizini. Tandiko la sponji au la sufu lililozama katika maji hayo litupwe, hata kama linauma moyo, kwa kuwa haliwezi kusafishika ndani yake. Zulia laweza kuokolewa likifuliwa mara moja kwa sabuni na maji safi na kukaushwa juani pande zote mbili. Lakini likikaa siku kadhaa limelowa, nalo lifuate tandiko lake.

Basi, ndugu msomaji, siku utakapokwenda kununua zulia, gawa fedha zako kabla hujafika dukani, sehemu kubwa iwe ya zulia, na sehemu ndogo uifunge pembeni kwa ajili ya tandiko. Kama fedha hazitoshi vyote viwili, nunua zulia dogo kidogo na tandiko lake, kuliko zulia kubwa lililo tupu chini. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ikiwa nyumbani kwako yuko mzee, usingoje kununua kitu: leo jioni vua viatu, ukanyage ukingo wa zulia lililo karibu na mlango wake, ulisukume kwa mguu. Likiteleza, liondoe usiku huu huu, mpaka utakapokuwa na kitu cha kulishika.